Kuumwa, familia na hela ya kiwanja: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nifanyiwe operesheni mwaka jana mwezi wa kumi maswali ni yale yale. Wateja wananiuliza huku nawapakulia wali, mashoga wananipigia usiku, hata mawifi nao. Kwahiyo nimekaa chini nimeyaandika yote na majibu yake, hela nimezitaja kama zilivyo, sijaficha wala kuongeza chumvi. Mimi sio daktari wala mtu wa benki, mimi napika.

Kwani wewe unaishi vipi mpaka utufundishe sisi?

Sifundishi mtu, mnauliza najibu. Ni mama lishe, Tabata, genge langu lipo pembeni ya gereji na mafundi ndio wateja wangu wakubwa. Wali maharage, ugali dagaa, Ijumaa pilau. Siku nzuri nabakiwa na 25,000, siku ya mvua 8,000 au hola kabisa, nikipiga wastani ni kama 18,000 kwa siku na nafanya kazi siku sita. Baba watoto ni fundi vigae, akipata saiti analipwa 25,000 kwa siku, asipopata anashinda nyumbani anarekebisha redio ambayo haijaharibika. Watoto wawili, nyumba tumepanga. Lengo letu lilikuwa moja tu, kiwanja cha 20 kwa 20 kule Mkuranga ndani ndani, dalali alitwambia milioni 4 na nusu, na mpaka naingia hospitali tulikuwa tumefikisha milioni 2 na laki 3. Milioni moja na nusu ilikuwa UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, laki nane ni hisa zangu za kikoba.

Ulikuwa unaumwa nini hasa?

Uvimbe kwenye kizazi, ile wanaita fibroidi. Dalili nilikuwa nazo mwaka mzima, siku zangu zikija zinakaa siku tisa, damu nyingi mpaka natandika khanga mbili, nikipanda ngazi moyo unadunda kama nimekimbizwa. Mimi nasema ni uchovu wa jiko. Kila mwezi najiambia nikipata nafasi ntaenda kupima, na nafasi mama lishe haipati mana ukifunga siku moja wateja wanahamia kwa jirani.

Siku niliyodondoka nilikuwa nimeinua sufuria la maharage, nikaona giza, mafundi ndio walionibeba kwenye bajaji. Kupima damu ipo 6.8 wakati mwanamke ambaye hana mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Daktari aliniangalia akauliza, mama, ulikuwa unatembeaje? Sikuwa na jibu.

Naomba niseme hili mana ndio swali la kwanza ambalo huwa hamniulizi: zile chupa za dawa za kuyeyusha uvimbe nilikunywa mbili, 45,000 kila moja, kwa dada mmoja anayepitisha mtaani. Hazikuyeyusha kitu zaidi ya 90,000 yangu. Ukiona damu inazidi nenda ukapime, kipimo cha wingi wa damu ni hela ndogo sana ukilinganisha na yaliyonikuta.

Hospitali ilikula shilingi ngapi?

Vipimo, operesheni, kitanda na dawa jumla 980,000. Humo ndani kuna 35,000 ya utrasaundi nje, mana niliambiwa mashine yao mbovu. Halafu kuna nauli za bajaji, chakula cha anayekuuguza, sabuni, khanga, supu, maji ya chupa, wageni wakija kukuona lazima wakute hata soda (sijui nani alituroga, mgonjwa ndio anamnunulia soda mzima), hivyo vyote vikala 310,000. Kwahiyo hela iliyotoka mkononi ni 1,290,000.

Sasa subiri. Nililala na kupona wiki nane. Genge limefungwa. Piga 108,000 kwa wiki mara nane, ni 864,000 ambayo haikuingia. Ukiijumlisha na ile 310,000 unapata 1,174,000, yani kuumwa nje ya hospitali kulinigharimu kuliko hospitali yenyewe. Hili hakuna aliyeniambia kabla. Watu wote wakiweka akiba ya ugonjwa wanafikiria bili ya daktari, hakuna anayefikiria jiko lililozimwa.

Zilitoka wapi hizo hela?

UTT nilitoa laki 7. Mfuko wa jamii wa kikoba ukanipa laki moja, hiyo hairudishwi, ni haki ya mwanachama akilazwa. Mkopo wa kikoba laki tatu. Ndugu wa pande zote mbili wakachanga 190,000. Ndio hiyo 1,290,000, mkijumlisha mtaona.

Damu nayo mliuziwa?

Hapana, damu haiuzwi. Niliongezwa chupa mbili na tukaombwa ndugu waje kuchangia ili benki ya damu isikauke. Walikuja wanne, wawili wakakataliwa mmoja presha mwingine kilo hazijatosha, akanuna huyo shemeji yangu mpaka leo anasema mashine ya kupimia ilikuwa mbovu. Mtu yeyote akikwambia lete hela ya damu, ulizia kwa wakubwa wake hapo hapo.

Bima ulikuwa huna?

Sikuwa nayo na hilo ni kosa langu namba moja. Wenye ajira wanakatwa kwenye mshahara, serikalini ni asilimia 6 mwajiri nusu mfanyakazi nusu, sisi wa majikoni hakuna wa kutukata kwahiyo unaahirisha. Watoto niliwahi kuwakatia ile Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mtoto, 2023 utaratibu ukabadilika nikaacha kufuatilia. Mama mkwe kule Muheza yeye alikuwa na ile CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu sita, akanicheka kabisa: "Mwanangu, wewe wa mjini huna kadi, mimi wa shamba ninayo?" Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023, kwahiyo ushauri wangu usisikilize ya vijiweni, nenda ofisi ya bima au kwa mtendaji wako uulize vifurushi vilivyopo sasahivi na bei yake, halafu ukate ukiwa mzima. Ukishaumwa ndio unakimbilia bima ni kama kununua mwavuli umeshalowa.

Na kama umeshalazwa na hela hamna, ndani ya hospitali za serikali kuna afisa ustawi wa jamii. Omba kumuona. Anasikiliza hali yako, kuna wanaopewa msamaha na kuna wanaoruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Mimi nilimjua siku ya kutoka, kitanda cha pili alimjua siku ya kuingia, yule mama aliondoka na mkataba wa kulipa kwa miezi minne.

Kwanini hukutoa hela yote ya kiwanja ukamaliza, ukakopa kikoba?

Hapa hata baba watoto tuligombana kidogo. Yeye alisema toa yote, afya kwanza, kiwanja hakikimbii. Mimi nikasema nikitoa yote sitorudi tena kuweka, najijua, nikiona sifuri naanza kununua vyombo. Tukakubaliana nusu ibaki. Na zile laki nane za hisa kwanza hazitoki mpaka kikoba kivunjwe Disemba, hilo ndio zuri la kikoba, hela imefungwa ndani ya sanduku la kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, huwezi kuamka na hasira zako ukaitoa.

Mkopo wa kikoba ni asilimia 10 kwa miezi mitatu. Laki tatu narudisha 330,000. Na hiyo riba Disemba inarudi kwetu kama gawio, sio kwa tajiri mmoja amekaa kwenye kiyoyozi.

Ulivyoumwa uliacha kununua hisa?

Sikuacha, nilipunguza. Hisa yetu ni 5,000 na nilikuwa nanunua nne kila Jumamosi. Siku ya kwanza natoka hospitali nikampigia mwenyekiti nikamwambia, mwenyekiti, mpaka nipone nanunua moja tu. Akasema hamna tabu, mradi usikose. Binti yangu ndio alikuwa anapeleka hiyo elfu tano, anasaini daftari anarudi. Wenzangu wengi wakipigika wanakaa kimya, hawaji, faini zinajaa, aibu inaongezeka, mwisho anahama kikoba na mtaa. Sema mapema. Ukisema, unaonekana mgonjwa. Ukinyamaza, unaonekana tapeli.

Na mikopo ya simu je, kausha damu?

Eeh. Hii sikutaka kuandika. Wiki ya sita baba watoto hana saiti siku tisa mfululizo, unga umeisha, nikapakua programu moja ya mkopo, sitaitaja. Naomba 50,000 wanaingiza 38,000, wanasema nyingine ni ada. Siku saba nirudishe 50,000. Nimechelewa siku mbili tu, wakaanza kuwatumia meseji watu waliopo kwenye simu yangu, wateja wangu, mwalimu wa mdogo, mpaka kaka yangu Mwanza: huyu mtu ni mdaiwa sugu mwambieni alipe. Nililia kuliko nilivyolia kwenye kidonda.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla hujapakua kitu angalia kama mwenyewe ana leseni, na ikikuomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako, futa hapo hapo. Ndio maana naitaja kausha damu kwa jina lake, wewe umeishiwa damu kweli halafu mtu anakuja kukausha iliyobaki.

Nyumbani nani alikuwa anafanya nini?

Mama mkwe alikuja. Alishuka stendi ya Magufuli na kiroba cha machungwa ya Muheza na kuku mmoja hai kwenye kikapu, saa mbili usiku, baba watoto akaenda kumpokea. Nilikuwa na wasiwasi mana mimi na yeye hatujawahi kukaa zaidi ya siku nne bila maneno. Asubuhi nimeamka nimejikongoja nataka kuinua ndoo ya maji, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Weka chini."

"Shikamoo mama. Ni nusu ndoo tu."

"Marahaba. Nimesema weka chini. Daktari kasema wiki sita, wewe una wiki mbili. Ukifumuka hapo mshono mimi ndio ntaulizwa na mama yako."

Nikaweka. Alikaa mwezi na nusu, akapangia kila mtu kazi, baba watoto maji na soko, mkubwa vyombo baada ya shule, mdogo kunisomea dawa na saa zake. Hapo ndio nilijua kazi zote za nyumba nilikuwa nazibeba mimi sio kwamba hakuna wa kusaidia, sikuwahi kuwaachia. Vidonge vya kuongeza damu nilikuwa nashushia na chai, akaniambia muuguzi wa kule kwao alimkataza. Nikamuuliza daktari, kweli, chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini vizuri. Chai nikaisogeza mbele, dawa nikawa nanywa na juisi ya ndimu au chungwa.

Watoto wanatakiwa kuambiwa habari za hela?

Wangu niliwaambia. Sio madeni yote, ila nilimwambia mkubwa, ambaye alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa darasa la saba, kwamba Januari ya kidato cha kwanza begi litakuwa la zamani. Alinuna siku moja. Siku ya pili akaja na karatasi ameandika vitu vyote vya shule na bei, amekata begi, amekata viatu kwa sababu vya ubarikio bado vinamtosha. Ada ya sekondari za serikali hailipwi, lakini sare, daftari, mashati mawili, nauli, hiyo ilikula 240,000 yote, ingekuwa 310,000 bila ile karatasi.

Mume akijua hela zako zote si atalegea?

Kila mtu na mume wake, siwezi kukujibia. Wangu alikuwa hajui kama nina laki nane kikoba, alidhani nne. Alivyojua nikiwa kitandani aliumia, sio kwa hela, kwa kuwa alikuwa anatafuta pa kukopa huku mimi nimenyamaza na maumivu yangu. Tangu hapo Jumapili jioni tunakaa dakika kumi na daftari. Nani kaingiza nini, nani anadai, nini kinakuja wiki hii. Kuna Jumapili tunaishia kununiana. Tunakaa tena ijayo.

Ndugu wakijua una akiba wanaomba, unafanyaje?

Naweka kiasi. Elfu 20 kwa mwezi ndio ya ndugu na shughuli, ikiisha imeisha. Mtu akiomba tarehe 25 namwambia kweli kabisa, fungu lako limeshaliwa na msiba wa juzi, subiri tarehe mbili. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika.

Sasahivi hela unazigawaje?

Kwa vyungu. Nimetenga mtaji kwanza, huo hauguswi hata aje nani, mana mtaji ukiliwa ndio mwisho wa genge. Halafu kula na kodi. Halafu 2,000 kila siku ya kazi inaenda kwenye laini yangu ya pili, ipo kwenye kitochi, haina bando, namba hiyo haijui mtu zaidi ya baba watoto. Hiyo ndio ya ugonjwa. Na kwenye ugonjwa naweka pia jiko kuzimwa, shabaha yangu ifike hela ya kula ya mwezi mzima mbali na ya daktari. Imeshawahi kutoka mara mbili, malaria ya mdogo na jicho la mama mkwe, leo ina 210,000.

Kiwanja kiko sehemu nyingine kabisa, hisa tatu za kikoba kila wiki, na nikipata cha ziada UTT mfuko wa Ukwasi. Nimeuchagua huo kwa sababu nikitaka hela naipata ndani ya siku chache za kazi, sio pale pale, na hizo siku chache zinanitosha kughairi ujinga. Kosa langu la zamani lilikuwa hilo, hela ya ugonjwa na ya kiwanja zilikaa chungu kimoja, ugonjwa ukija unaichota ndoto yako na kata.

Mimi kipato changu hakieleweki, nianze na shilingi ngapi?

Buku. Usicheke. Anza na inayokaa siku mbaya, sio inayowezekana siku nzuri. Ukipanga kwa hesabu ya siku nzuri, mvua ikinyesha wiki umeshavunja ahadi na ukishavunja mara tatu unaacha.

Ulirudi kazini lini?

Wiki ya tisa. Nilitaka ya nne, kidonda kikakataa, kikatoa maji, nikarudishwa kitandani, ndio maana wiki sita zikawa nane. Nilipofungua nikaajiri kijana wa kuinua masufuria, 5,000 kwa siku, inauma lakini kidonda kinauma zaidi. Wateja nusu walikuwa wamehamia kwa jirani. Wamerudi karibu wote, pilau ya Ijumaa ndio iliwarudisha.

Na wale mnaouliza kama ntazaa tena, kizazi kipo, mengine niachieni mimi na baba watoto.

Kiwanja umeshanunua?

Bado. Disemba kikoba kilivunjwa, hisa zilifika 845,000, wakakata 220,000 ya mkopo iliyobaki, gawio 96,000, nikashika 721,000. Ukitoa ile 240,000 ya shule, 480,000 ikaenda UTT kukutana na laki nane iliyokuwepo. Kwahiyo nilianza mwaka na 1,280,000 wakati mwaka jana nilikuwa na milioni 2 na laki 3. Niliiangalia ile namba kwenye simu nikazima data. Leo ni milioni 1 na laki tisa na ushee. Tarehe tumeisogeza kutoka mwisho wa mwaka huu hadi mwisho wa mwaka kesho, tumeiandika upya kwenye daftari, baba watoto ndio kaandika kwa mwandiko wake mbaya.

Juzi dalali kapiga, kile kiwanja kimeshachukuliwa, kuna kingine nyuma yake mbali kidogo na barabara, anataka milioni 4 na laki mbili. Nikamuuliza serikali ya mtaa wanakijua? Akasema mama usiwe na shaka. Nikamwambia shaka ninayo, Jumapili tunakuja kuona na kabla ya hapo tunapita kwa mwenyekiti na kwa majirani wa mipaka yote minne. Baba watoto ameshaniambia nivae raba, kuna kapori ka kupita.